Klaudia Achagua Mashine ya Upepo

Klaudia wa Kishanda aliziba pancha za bodaboda bandani kwake, akijaza upepo kwa pampu ya mguu mpaka goti likaanza kumgomea. Akaenda Bukoba, dukani kwa Mustapha, akakuta mashine mbili ndogo za upepo: nyekundu inayong'aa na ya kijivu.

"Chukua nyekundu, mama, ina nguvu," alisema Mustapha, akiiwasha ikajaa upesi.

"Kujaza nimeona. Kushika upepo usitoke je? Zijaze zote, uzizime. Mimi naenda sokoni kutafuta senene wa kukaanga."

"Unanipa mtihani?"

"Si wewe. Hizo."

Baada ya saa nzima alirudi, akainamia mishale ya kuonyesha upepo. Wa nyekundu ulikuwa umeshuka nusu. Wa kijivu haukuwa umesogea.

"Nifungie hii mbaya," alisema, akigusa ya kijivu. "Hiyo nzuri baki nayo uitazame."