Mchango wa Roketi ya Cheptoo

Kwa miaka miwili, kila aliyekutana na Janefer kwenye kituo cha majani chai pale Roret alimuuliza swali moja: chuo kikuu siku hizi hakifungwi? Hufungwa, bwana. Ila bintiye Cheptoo, anayesomea uhandisi Nairobi, kila likizo alibaki huko na wenzake wakiunda roketi. Roketi! Wenzake Janefer walipewa watoto wa kuomba pesa za bando, yeye Mungu akampa wa kurusha vyuma angani.

Simu zilikuwapo, sikatai. Lakini simu haikai mezani ikalalamikia chumvi. Baba yake Cheptoo alifariki mtoto akiwa darasa la sita, na tangu hapo nyumba ile ilikuwa ya watu wawili. Sasa ilikuwa ya mmoja, na Janefer alikuwa na hamu ya kumwona mwanawe mpaka akawa anapika ugali wa wawili na kumpa mbwa nusu.

Agosti, Cheptoo akapiga simu kusema kazi imekwama. Mwili wa roketi upo, parachuti ipo, lakini injini na vibali vinataka laki tatu, na chuo kimewapa cheti cha pongezi tu. Janefer akaona mlango umefunguka. Akamwambia mchango utafanyika kanisani kwao Oktoba, kwa sababu hakuna mjinga anayeita harambee kabla ya wakulima kulipwa bonasi ya majani. Na kwao mwenye shida husimama mwenyewe mbele ya watu, kwa hiyo lazima aje. Sababu ile nyingine alinyamaza nayo.

Cheptoo alifika Jumapili asubuhi na wenzake wawili, kwa gari la kuazima. Alikuwa amekonda. Roketi waliisimamisha mbele ya kanisa, ikampita mchungaji kwa urefu. Mzee Kipkirui, ambaye amechangia kila kijana aliyewahi kwenda ng'ambo kutoka sehemu hizo, akauliza mtoto atakaa wapi ndani ya hicho kitu. Akaambiwa hapandi mtu. Basi, akauliza, kama hakuna anayesafiri, tunamsindikiza nani?

Kanisa likacheka. Cheptoo naye akacheka, kisha akaeleza polepole, kwa Kipsigis, jinsi chombo kile kinavyopima joto na upepo huko juu, na kwamba siku moja vyombo vya namna hiyo vitasaidia kumwonya mkulima mvua ya mawe ikija. Hapo watu wakaanza kupapasa mifuko. Ukishaona shamba la chai lililopigwa na mawe, huhitaji mahubiri mengine.

Mnada ukaanza. Kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kilinunuliwa, kikarudishwa, kikauzwa tena, ndiyo desturi; kiliuzwa mara saba bila mtu kuonja tone. Wambugu mwenye duka la mabati alimnunua jogoo yuleyule mara mbili. Mwishowe Kipkosgei, msimamizi wa mchango, akasoma hesabu: laki mbili na elfu themanini na mbili. Akasema si neno, haba na haba hujaza kibaba. Elfu kumi na nane zilizobaki zitafutwe wiki hii, Cheptoo abaki apite nyumba kwa nyumba, na Jumapili ijayo wafunge mchango.

Wiki nzima! Moyo wa Janefer uliruka. Siku saba za kumsikia mtu akikohoa chumba cha pili. Alishaanza kupanga kuku wa kuchinja.

Halafu akakumbuka mkoba wake. Ndani mlikuwa na elfu ishirini, baki ya bonasi yake. Mama gani anamwacha mwanawe akabishe hodi kwenye milango ya watu akiomba, na yeye amekumbatia pesa? Alikaa, akasimama, akakaa tena. Kisha akaenda mbele, akahesabu elfu kumi na nane juu ya meza. Makofi yalimwingia masikioni bila kumfurahisha.

Pesa zikawa zimetimia, na ili injini ilipiwe, benki huko Nairobi ilitaka sahihi ya Cheptoo kesho yake asubuhi. Hata chai hawakuimaliza. Kwenye gari Janefer alipouinua mkoba wa bintiye autie ndani, akashangaa uzito wake.

"Umebeba nini humu?"

"Nguo za wiki nzima," Cheptoo akasema. "Nilijua pesa haziwezi kutimia siku moja. Niliomba zisitimie, Mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona ukileta zako mwenyewe mbele. Nikadhani unataka niende."

Janefer aliushika mlango wa gari kwa mikono miwili, na hakuuachilia mpaka dereva alipomwomba mara ya pili, kwa heshima.