Ramazani alitukataza kuruka kutoka mtumbwini

Moyo wangu bado haujakubali. Nimebandika karatasi hii kwenye mlango wa msikiti kwa sababu hakuna mtu wa Kindu ambaye Ramazani hakumvusha. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.

Homa ilimchukua rafiki yangu Ramazani juzi, ng'ambo ya mto, alikokwenda kutafuta mpunga.

Siku yangu ya kwanza kazini kwake nilitaka kuonekana hodari. Tulipokaribia ufuko nikaruka na kikapu cha chumvi begani, kama tunavyoringa sote hapa. Mtumbwi ukarudi nyuma, nami nikaanguka majini. Chumvi yote ikayeyuka.

Ramazani alinivuta kwanza, ndipo akacheka. "Umesukuma mutumbwi na muguu, nao umekusukuma. Wewe unaenda mbele, ule unaenda nyuma. Njo vile iko."

Alikuwa mbishi, Mungu amrehemu. Wapiga kafi walipojisifia nguvu zao, aliwapa mtumbwi mtupu, ukakimbia. Akaujaza mpunga, akawaambia wapige vilevile, ukajivuta. "Nguvu yenu iko ileile," akasema. "Muzigo njo umebadilika."

Na lile neno lake tulilolichoka: "Mutumbwi mukubwa hausikie 'simama'. Muache kafi mapema."

Jana tulimleta nyumbani kumzika. Nilikaa nyuma, mahali pake pa kuongoza. Tulikuwa watu kumi na wawili pamoja naye, mtumbwi umeshiba, na binti yake Mwamini amesimama ufukoni akitutazama. Niliogopa jambo moja tu, kumwangusha baba mbele ya mwanawe.

Nikasema, "Muache kafi." Wenzangu wakanitazama, maana ufuko ulikuwa bado mbali. Lakini waliacha. Mtumbwi ukaenda wenyewe, polepole, polepole, mpaka pua ikagusa tope. Hakuna aliyeruka. Hata sanda haikusogea.

Mwamini akashika kamba. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imara.

"Baba njo alikufundisha vile?"

"Ndiyo, mama. Njo yeye."

"Basi na miye unifundishe."

Tunaanza kesho asubuhi. Na anayetaka kusema kwamba mwanamke hapigi kafi, aje aseme tukiwa katikati ya mto.

Ramazani, ndugu yangu, nilikulilia njia nzima, lakini tumekufikisha bila kukutikisa. Lala kwa amani. Kafi lako limepata mwenyewe.