Mafuta ya Bi Vidole

Karakana nzima ilimwita Bi Vidole, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na tisa alifuma kitambaa kisichovaliwa na mtu: waya za chuma nyembamba kama unywele, zikipishana na nyuzi za plastiki. Tabaka nne za kitambaa hicho zilipakwa gundi na kubanwa kwenye mashine ya moto, likatoka bamba la kuinuliwa kwa kidole kimoja, lakini gumu la kubeba mtu mzima. Kwa mabamba hayo walitengeneza miguu ya bandia.

Waya hukata. Wenzake walivaa glavu. Yeye alisema glavu huziba masikio ya vidole. Kila asubuhi alifungua kikopo chake akajipaka mafuta kidogo kwenye ncha, kama alivyofanya marehemu mama yake aliposokota kamba. Hakuna aliyeyatilia maanani mafuta hayo.

Mdogo wake, kitinda mimba wao, alikuwa mpaka rangi wa majumba. Alipokatwa mguu chini ya goti, Bi Vidole aliomba amfumie yeye mwenyewe. Alikitomasa kitambaa kile siku nne, muda mrefu kuliko kingine chochote. Sasa mdogo wake alikuwa na miezi miwili tangu arudi kwenye ngazi zake.

Jumanne moja mkaguzi, binti wa maneno machache, alikunja kipande cha bamba jipya. Kikafunguka tabaka kwa tabaka kama kitabu. Bi Vidole akamgeukia fundi wa gundi, akamuuliza kama siku hizi anapaka gundi au anapaka uji.

"Kitambaa chako ni bibi harusi, shangazi," fundi akajibu. "Hakitaki kuguswa."

Wote wakacheka, isipokuwa mkaguzi. Alidondosha maji kwenye kitambaa kilichokuwa bado kwenye mtambo wa kufumia. Tone likajiviringa, likateleza, likaanguka sakafuni.

"Kina mafuta," alisema. "Gundi ya zamani ilivumilia. Hii ya mwaka huu haivumilii."

Macho yote yakaenda kwenye kikopo. Bi Vidole akachomoa simu yake. Hakufikiria bamba wala kazi. Alifikiria ngazi.

Simu iliita mara tatu bila kupokelewa. Ya nne ikapokelewa.

"Uko wapi?"

"Juu, dada. Napaka dari."

"Shuka. Uzito weka kwenye mguu wako, usiuegemee wangu."

"Umeota mchana?"

"Shuka, mdogo wangu. Nakuomba."

Alisikia ngazi ikilia, hatua moja baada ya nyingine, kisha suruali ikipandishwa. Sauti iliporudi haikuwa na utani tena.

"Dada, mguu umeachana tabaka hapa ukingoni. Nimeingiza ukucha, umezama wote."

Bi Vidole aliketi sakafuni, kando ya lile tone la maji. Mkaguzi alikuwa ameanza kuorodhesha miguu yote ya mwaka ule, wenyewe wapigiwe simu mmoja mmoja. Fundi wa gundi akamletea kigoda. Bi Vidole alitaka kumwomba radhi. Akamshika mkono tu, kisha akauachia haraka, kana kwamba angemchafua.

Kitambaa cha mguu mpya wa mdogo wake kilimchukua siku tisa, kwa glavu. Kila baada ya mistari michache alivua moja, akanyoosha kidole kuelekea kwenye waya, kisha akakirudisha kabla hakijagusa.