Mti wa Pembeni

Watoto wa darasa la nne ndio waliombandika jina la Mwalimu Gusa, nalo likamganda mpaka walimu wenzake wakawa wanalitumia hata kwenye vikao. Halikuwa jina la kejeli. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni mwake kutwa. Mtoto akiuliza chumvi huenda wapi ikitiwa majini, alisukumiwa kikombe na kijiko. "Gusa, koroga, onja, halafu uniambie wewe." Akiuliza mita mia ni umbali gani, alipewa kamba na kutumwa uani na wenzake, warudi na vumbi miguuni na jibu kichwani.

Darasa lake lilinuka gundi na udongo mbichi. Dirishani palipangwa makopo ya maharagwe yaliyooteshwa kwenye pamba, na juu ya kabati lilikaa chujio la maji walilolitengeneza kwa chupa ya plastiki, mchanga na mkaa. Mfagizi wa shule alikuwa hawezi kupita pale bila kusema neno.

"Mwalimu, hapa ni darasani au karakana?"

"Pote pawili, kaka. Fagia taratibu, kuna jongoo wa watu pembeni hapo."

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa utani. Kila akitoka kazini alimletea vipande vya mipira na koki zilizokufa kwa ajili ya masomo yake, kisha akalalamika kwamba hana pa kuweka miguu. "Wenzangu wameoa wake," alisema, "mimi nimeoa stoo." Watoto wao walikuwa wameshakuwa watu wazima na miji yao, na nyumba isingekuwa na kelele kama si hayo makorokoro.

Mwaka huo darasani mwake aliingia binti mmoja ambaye wenzake walimwita Konokono. Ukimsogezea kitu usoni, anajivuta ndani ya sweta lake na kutulia. Udongo hakuufinyanga, gundi aliiogopa, na mdudu hakutaka hata kumwona kitabuni. Mama yake alikuwa fundi cherehani aliyeshonea barazani karibu na soko, mjane, na huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Alimlea kama yai. Alimfunga kamba za viatu, alimmenyea chungwa, alimvusha barabara ambayo watoto wadogo kuliko yeye waliivuka wakikimbizana.

Mwalimu hakumlazimisha. Alimkalisha karibu na meza yake na kumpa kazi ndogondogo: shika uzi huu, nishikie mkasi huu. Siku zikaenda. Siku moja yule binti akaja na mzani alioutengeneza mwenyewe nyumbani, henga ya nguo iliyoning'inizwa vifuniko viwili kwa nyuzi za mama yake. Akaweka kifutio upande mmoja na punje za mahindi upande wa pili, na mzani ukatulia sawasawa. Darasa zima lilisogea kuangalia. Tangu hapo ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na siku mwalimu alipoleta betri na waya, Konokono ndiye aliyewasha taa kabla ya wavulana wote. Mwalimu alirudi nyumbani akimsimulia mumewe habari hiyo mpaka chakula kikapoa.

Kila mwaka, muhula wa pili, darasa la nne lilikwenda kambini msituni. Walijifunza kusimamisha hema, kuchora ramani, kusoma nyayo za wanyama. Mama Konokono alikataa katakata. Mwalimu akamfuata barazani pake, akakalia kigoda, akabembeleza. Akakataliwa. Akarudi tena. Mara ya mwisho fundi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja na kumtazama.

"Mwalimu, mimi sina mwingine."

"Ndiyo maana nakuomba, mama. Mtoto ameanza kufunguka, tusimfunge tena. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye."

Fundi aliondoa nyuzi zilizomganda kwenye kanga. Kisha akasema, "Basi mchukue. Lakini namkabidhi kwako wewe, siyo kwa shule."

"Nimempokea."

Siku ya pili kambini palikuwa na mchezo ambao Mwalimu Gusa aliupenda kuliko yote. Watoto hujigawa wawili wawili. Mmoja hufungwa kitambaa machoni, mwenzake humshika mkono na kumwongoza mpaka kwenye mti, naye huupapasa mti ule, magamba yake, mizizi, makovu, mpaka aujue. Halafu hurudishwa alikotoka, hufunguliwa macho na kuambiwa autafute mti wake. Wengi huupata, na furaha yao huwa haielezeki.

Mwalimu hakuwa mtu wa kubahatisha. Asubuhi ile yeye na mlinzi wa msitu walizunguka wakipiga mashina kwa fimbo na kuchokoa chini ya mizizi, na kila mti waliouridhia waliufunga utepe mwekundu. Lakini mchezo ulipoanza, mtoto mmoja alijikwaa na kuchubuka goti. Mwalimu alipokuwa amepiga magoti akimfunga kidonda, akamsikia mtoto aliyekuwa akimwongoza Konokono nyuma yake.

"Mwalimu, miti imekwisha."

Aligeuza kichwa. Mti uliokuwa karibu, ambao haukuwa na mtoto, ulikuwa mmoja.

"Chukueni ule wa pembeni," akasema, akarudia goti la mgonjwa wake.

Mti ule haukuwa na utepe. Aliliona hilo, na hakuliona. Baadaye hakuweza kulieleza vizuri zaidi ya hivyo.

Konokono alichutama, macho yamefungwa, akashuka na viganja vyake mpaka mizizini. Alikuwa anacheka. "Hapa umepasuka," alisema kwa sauti ili mwalimu asikie. "Una mlango."

"Vizuri sana," mwalimu akajibu bila kuinua uso. "Gusa mlango wenyewe."

Hakukuwa na ukelele. Yule binti alisimama, akavua kitambaa kwa mkono wa kushoto, akaja taratibu huku ameubeba mkono wa kulia kama kitu cha mtu mwingine.

"Mwalimu," alisema, "mti umeniuma."

Mlinzi alimkuta nyoka kwenye tundu la mizizi, kifutu mnene aliyejikunja, wala hakuwa na haraka ya kwenda popote. Walimpakia mtoto kwenye pikapu ya msitu. Njia ilikuwa mbovu, na mkono ulivimba mwalimu akiutazama, ngozi ikibadilika rangi kuanzia vidoleni. Alimpakata njia nzima, akilia. Mtoto hakulia sana. Alichouliza ni kama wenzake watamaliza mchezo.

Hospitali ilimwokoa. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikuokolewa.

Mama alipofika alimkuta mwalimu kwenye benchi la korido, damu ya goti la yule mtoto mwingine bado imekaukia kwenye sketi yake. Mwalimu alisimama. Alikuwa amejiandaa kupigwa, na laiti angepigwa. Fundi alimpita, akaingia wodini, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikaa kwenye benchi lilelile, akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Ulisema mchelea mwana hulia yeye," alisema polepole. "Mimi nilimchelea, mwalimu. Wewe hukumchelea. Sasa niambie nani halii."

Kisha akainuka, akarudi wodini.

Kamati ya shule ilikaa. Mwalimu alieleza kila kitu kama kilivyokuwa, na alipofika kwenye mti wa pembeni akasema wazi kwamba haukukaguliwa na kwamba ni yeye aliyewaelekeza. Mwalimu mkuu alikohoa.

"Hilo hujaulizwa, mwalimu."

"Najua sijaulizwa. Ninasema."

"Nyoka ni nyoka. Angeweza kuwa hata kwenye mti wenye utepe. Kambi ile ndiyo sifa ya shule yetu, tusiizike kwa mdomo wetu wenyewe."

Wakaamua kwamba ilikuwa ajali. Wakampa pole, wengine wakamshika mkono. Jioni alimwambia mumewe, "Wamenisamehe watu ambao sikuwakosea."

Mumewe, ambaye hakukosa neno maisha yake yote, alimtengea tu maji ya kuoga.

Aliendelea kufundisha, maana hakuna aliyemzuia. Lakini makopo ya dirishani yalikauka yakatupwa, na chujio likaenda stoo. Kila alipotaka kumpa mtoto kitu mkononi, mikono yake mwenyewe ilisita. Alianza kuandika ubaoni, watoto wakanakili. "Mwalimu, leo tutafanya nini?" waliuliza wiki za mwanzo. "Fungueni kitabu." Wakaacha kuuliza. Mkaguzi alipokuja alisifu utulivu wa darasa, akasema limebadilika sana.

Konokono alirudi shuleni mkono umefungwa, kisha bila kufungwa. Alijifunza kuandika kwa kushoto, herufi kubwa zinazolala. Mkono wa kulia ulikaa ndani ya sweta, jua liwake au mvua inyeshe. Wenzake, kwa huruma, waliacha kumwita Konokono. Hakuna jina lingine walilompa, na polepole wakawa hawamwiti kabisa.

Kila Jumamosi mwalimu alikwenda barazani kwa fundi. Alikaribishwa, akapewa kigoda, akaulizwa habari za nyumbani. Fundi alishona, yeye akaokota vitambaa vilivyoanguka. Hawakuzungumza lolote lenye uzito. Mwalimu aliamini kwamba siku moja yule mama atafumuka, atamtukana, na hapo pengine kitu kitapata pa kuanzia. Badala yake, Jumamosi moja fundi alikata uzi kwa meno na kusema bila hasira:

"Mwalimu, nakuomba usije tena."

"Mama, mimi—"

"Ukija, mtoto halali siku hiyo. Ananiuliza kama wewe bado unalia. Anasema alikuharibia mchezo. Mtoto wangu ana mzigo wake, asikubebee na wako."

Mwalimu aliweka vile vitambaa juu ya meza, akaaga, akaondoka. Hakwenda tena.

Mwaka uliofuata kambi ilirudi, chini ya kijana mmoja mwalimu mpya mwenye bidii. Safari hii waliruhusu na darasa la tano. Asubuhi basi lilipakia mahema na masufuria, watoto wakaimba mpaka likapotea kwenye kona. Wa madarasa hayo mawili waliobaki shuleni waliletwa kwenye chumba kimoja, na Mwalimu Gusa akapangiwa kuwaangalia. Wengine wote walikuwa wagonjwa, wakachukuliwa na wazazi kabla ya mapumziko. Akabaki yeye na yule binti, mmoja meza ya mbele, mwingine dawati la nyuma.

Mwalimu alitafuta la kusema. Kwenye kabati palikuwa na betri na waya, alijua. Aliinuka, akafika hadi kabatini, akaweka mkono kwenye komeo, akauondoa. Akarudi kukaa.

"Mwalimu," binti alisema baada ya muda, "naweza kwenda nyumbani?"

"Mama yako anajua?"

"Hapana. Lakini hakuna tunachofanya hapa."

"Ni kweli," mwalimu akasema. "Nenda. Uangalie barabara."

Binti alikusanya daftari zake kwa mkono mmoja, ikamchukua muda, na mwalimu alimtazama bila kuinuka kumsaidia. Mlango ukafungwa. Mwalimu aliendelea kukaa pale, mbele ya madawati matupu, akingoja kengele ya kutoka kama alivyopangiwa.