Selestini na Ncha Moja ya Godoro

Kwa miaka kumi na tisa Selestini wa Lulindi alihudumu kwenye gesti moja ya Masasi mjini, yeye na mwenzake Alfani. Wakitandika, wakipiga deki, wakibeba ndoo za maji. Televisheni ya mapokezi ilikuwa imekufa sauti, na mgeni mmoja aliwaachia flashi yenye filamu kongwe, zile za watu wasiosema: wahudumu wawili wa hoteli wanahamisha godoro, huyu anaingia mlangoni, mwenzake anatokea dirishani, ndoo inawamwagikia wote. Basi wakajifunza kuiigiza. Msimu wa korosho, gesti ikijaa wanunuzi, waliicheza uani bila kutamka neno, wageni wakashika mbavu.

Mwaka huu Alfani akashikwa na homa. Siku tatu tu, akaenda.

Selestini alifika msibani machozi yakimlenga. Mjane, Mama Stamili, akamwita mlangoni.

“Baba Upendo, usinililie hapa. Wewe Mmakua, sisi Wayao. Mtani halii, mtani anachekesha.”

“Leo niache, shemeji. Leo mimi ni rafiki yake.”

“Marafiki wamejaa hapo nje. Mtani wake ni nani? Unataka aondoke kama mtu asiye na mtu?”

Neno hilo lilimchoma. Akatoka. Godoro la marehemu lilikuwa limeegemezwa ukutani. Akalilaza chini, akashika ncha moja.

“Mshikeni Mmakua, anaiba!” mzee Fakihi, mmoja wa Wayao waliokaa msibani, akapiga kelele. Watu wakaanza kutabasamu.

Selestini akavuta. Ncha ya pili haikunyanyuka. Akageuka, akamtikisia kidole mtu asiyekuwepo. Akarudi nyuma kwa hasira, akakanyaga ndoo ya maji iliyokuwa nyuma yake, akaanguka chali, maji yakamlowesha hadi kifuani. Uwanja mzima ukalipuka, na ndani kwa akina mama akaisikia sauti ya Mama Stamili, naye anacheka.

Kazi ilikuwa imekwisha. Angeweza kukaa. Lakini aliinuka, akashika tena ncha yake, akangoja. Miaka yote hiyo, hapa ndipo uzito ulipokuwa ukipungua mikononi, Alfani akinyanyua upande wake. Akangoja. Kisha akazika uso kwenye godoro, mabega yakamtikisika.

“Jamani, huyu ataniua!” mzee Fakihi akasema, akijifuta macho. “Mtazameni anavyojifanya analia!”

Wakazidi kucheka, naye akawaacha wacheke.