Uzi

Tangu apatwe na kiharusi, jirani yangu fundi cherehani amebakiwa na neno moja tu: uzi. Akitaka chai, anasema uzi. Mteja akichelewa kuchukua nguo, anamkaripia, "Uzi! Uzi!" huku akimtikisia mkasi, kisha wanacheka wote, yeye kwanza. Mkono wa kulia umelegea, kwa hiyo anashona kwa wa kushoto, na mumewe anamshikia kitambaa na kumsemea. "Anasema urudi Ijumaa." Mume akitafsiri vibaya, anachapwa kofi la begani.

Juzi nikiwa pale nangojea suruali yangu, aliingia mama mmoja na shati la marehemu mumewe, akaomba lipunguzwe limtoshe binti yao. Fundi alilipokea, akalilaza mapajani. Midomo yake ikahangaika kutafuta, mpaka jasho likamtoka. Mumewe akaanza, "Anasema..." Fundi akamziba mdomo kwa kiganja. Kisha akamshika yule mama mkono, akasema taratibu, "Uzi. Uzi, uzi."

"Asante, dada," mama akajibu, machozi yakimtiririka. "Tangu tuzike, kila mtu ananiambia nisilie."

Fundi akamsogezea kiti.