Nyimbo za Mapasa Mbele ya Maprofesa

Mama Émérence wa mtaa wa Kataki anajulikana kwa mambo mawili: samaki wa kukausha aliowauza stesheni tangu enzi zile treni zilipofika zimejaa watu hadi mlangoni, na mdomo wake. Alizaa mapasa mara mbili. Mara mbili! Kwa hiyo mapacha wakizaliwa Kalemie, anaitwa yeye. Anajipaka pemba, ule udongo mweupe, usoni, anapiga beseni, anaimba nyimbo alizofundishwa na mama yake kule Moba.

Nyimbo zenyewe ni za matusi. Mgeni hushtuka, lakini ndivyo zilivyo: mzazi wa mapasa anatukanwa mbele ya watu wote, naye anajibu kwa tusi kali zaidi, uwanja mzima unacheka. Baba wa mapasa akitukanwa akanyamaza, ni aibu kwa watoto wake. Siku hizi watu wanapiga muziki wa simu tu. Wanaojua maneno wamebaki wachache, na kila mwaka wanapungua.

Ndiyo maana mjukuu wake Evodie, mwanafunzi wa chuo kikuu, alipoingia uani mbio, viatu mkononi, Mama Émérence alisahau samaki motoni.

"Nkambo! Chuo kinatoa feza kwa miradi ya sanaa ya wanafunzi. Nimeomba kwa nyimbo zako! Tutafanya mchezo, na ngoma, na mavazi, hapa Kalemie. Wametuita mbele ya jury!"

"Jury njo nani?"

"Maprofesa wenye kuchagua. Lakini..." Evodie akainamisha macho. "Maneno nimeyabadilisha kidogo."

Akasoma. Pale pa tusi la tumbo la baba wa mapasa palikuwa na "Tunakusalimu, ee baba mpendwa."

"Hii ni wimbo ya mapasa ao ya matanga?"

"Nkambo, ni watu wakubwa! Tukiwatukana watatufukuza, na mradi utafia pale pale."

Mama Émérence akamtazama mtoto huyu aliyekesha akiandika kwa ajili ya nyimbo zake. Akakubali. Rafiki yake Mama Arlette, mpiga ngoma, alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe, Émérence, kusalimia muntu kwa adabu? Nitakuja kuona kwa macho yangu!"

Siku ikafika. Walivaa vitenge vya namna moja, pemba usoni, wakapanda hadi chuoni kama watu wanaokwenda kuchukua bibi arusi. Mbele yao, nyuma ya meza ndefu, walikaa maprofesa. Katikati mkubwa wao, Profesa Nicolas, mtu mnene wa miwani, hacheki.

Kabla ya kuanza, Mama Émérence aliuliza kama desturi inavyotaka: "Kati yenu, nani ni Papa Mapasa, baba wa mapasa?"

Maprofesa wakatazamana. Ila Profesa Nicolas alianza ghafla kupanga kalamu zake.

Wakaimba. Ee baba mpendwa. Mmoja wa jury akapiga mwayo, mwingine akafungua simu chini ya meza. Evodie jasho lilimtoka. Mama Émérence akaona wimbo wa mama yake unakufa kinywani mwake mwenyewe, tena kwa heshima zote. Akainua mkono, ngoma ikanyamaza.

"Hapana. Hii chakula haina chumvi. Arlette, piga!"

Akaisogelea meza, macho kwa yule mpanga kalamu, kiuno kinacheza, beseni linalia:

"Papa Mapasa, tumbo ngunia ya mihogo! Ulikula wapi, nyumbani wakilala njaa?"

Profesa Nicolas akasimama. Evodie akafumba macho: basi, imekwisha. Profesa akavua miwani, akaiweka mezani taratibu, akapiga makofi mara moja, na kwa sauti ambayo wanafunzi hawakuwahi kuisikia akajibu:

"Mama Mapasa, mdomo kengele ya stesheni! Treni imeenda zamani, wewe ungali unalia!"

Yo! Arlette nusura aangushe ngoma. Maprofesa wakapiga meza, makarani wakatoka ofisini mwao kuja kuchungulia mlangoni, na hao wawili wakatukanana mpaka profesa akaishiwa pumzi.

"Mapasa wangu ni wa kike wote wawili," akasema akijifuta jasho, anacheka kama kijana. "Hakuna aliyewaimbia. Sasa wameimbiwa."

Matokeo yalipobandikwa kwenye ubao wa chuo, ambao wanafunzi wanauita valve, Mama Émérence aliwapita vijana wote kwa kiwiko.

"Soma, mutoto! Wametoa?"

"Wametoa, Nkambo! Wametoa!" Evodie alikuwa analia na kuruka. "Maneno yabaki yale ya kweli, wamesema. Halafu... mimi niliomba onyesho moja. Wametupa mawili, Kalemie na Moba! Profesa ameandika hapa chini: mapasa hawapewi kimoja."

Moba! Mama Émérence akashika kichwa kwa mikono miwili. Kisha macho yakamwaka.

"Evodie, nenda haraka uniulizie. Ule Papa Mapasa wa jury, wakwe zake wako Moba?"

"Kwa nini, Nkambo?"

"Nataka kumutukana wakisikia."